Unga wa Wenye Jiwe

Mama yangu anaswali swala tano, na sijawahi kumwona akila mchana wa Ramadhani hata miaka aliyokuwa mgonjwa. Lakini likija jambo kubwa, haliamui mpaka apande kwenye jiwe akamwage unga. Shehe wa msikitini kwao analijua hilo na ameamua kutolijua, maana naye ni Mmwera, na bibi yake alikuwa akipanda vilevile.

Tunaliita jiwe kwa mazoea tu. Ni mlima mzima wa mwamba, mtupu, umesimama peke yake katikati ya msitu wa hifadhi upande wa nyuma wa Mbekenyera, pale mashamba ya ufuta yanapoishia na bodaboda haziendi tena. Ubavuni kuna mawe mengine makubwa yaliyokalia mawe madogo, na ukiyatazama kwa mara ya kwanza unatembea upesi upesi ukidhani yataanguka leo. Hayajaanguka. Chini ya mojawapo mwamba umejikunja mbele kama ukingo wa paa, na chini ya ukingo huo kuna sakafu kavu, pana, ambayo mvua haijawahi kuigusa. Hapo ndipo bibi yangu, mama yake mama, alipozaliwa.

Vilikuwa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Wanaume walikuwa wakikamatwa njiani kubebeshwa mizigo ya askari, na chakula kilikuwa kikichukuliwa kwenye vichanja hata kabla hakijakauka. Watu wa kwetu wakakimbilia kwenye jiwe. Wakajenga ukuta wa fito na udongo chini ya ule ukingo, wakaukandika kwa vidole, wakakaa mle misimu kadhaa wakipika mchana kidogo kidogo ili moshi usiwasaliti. Lakini bibi alipokuwa akisimulia hakusema kamwe kwamba jiwe lile ni letu. Walipofika, alisema, walikuta mashimo ya kusagia nafaka yameshachongwa kwenye mwamba, laini kabisa, na madoa mekundu yamechorwa ukutani na watu ambao hakuna aliyejua walikuwa nani wala walikwenda wapi. "Tulikuta nyumba ya watu," alikuwa akisema. "Tukaingia bila kubisha hodi." Ndiyo maana unga wa kwanza ukoo wetu ulioumwaga pale ulikuwa wa kuomba radhi kwa wenye nyumba.

Namna yake ni hii. Unachukua unga mweupe wa mtama, uliotwangwa na si wa mashine, unauachia udondoke vidoleni taratibu mpaka ujikusanye chini uwe na ncha. Unasema shida yako. Unauacha ulale. Asubuhi ukiukuta umesimama na ncha yake, wenye jiwe wamekubali. Ukiukuta umetawanyika, wamekataa, nawe unarudi nyumbani unyamaze. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na kwa sasa mama ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote tuliobaki, kwa hiyo unga huo hauwezi kumwagwa na mwingine. Nimewahi kumwambia nimsaidie. Aliniambia nina haraka mno, unga wangu ungesimama upande.

Ni kweli nina haraka. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu karibu na soko la Nachingwea, na mwanamke anayeshona sare za shule mwezi wa Desemba hawezi kuwa na tabia ya upole. Mama ananiambia nimerithi ulimi wa shangazi zangu upande wa baba. Ubaya wote nilio nao, kwa mama, umetoka upande wa baba.

Miaka michache iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, wakasema hospitalini, tena yote mawili, na likasemwa lile ambalo kila mtu anajua, kwamba hutolewa na mtu akaona. Nikaenda kumchukua. Akasema sawa, ila kwanza awaulize wenye jiwe, kwa sababu kukatwa jicho si kung'oa jino. Tukapanda, akamwaga unga, tukashuka kulala kijijini. Asubuhi tuliporudi hapakuwa na unga. Palikuwa na alama nyeupe iliyorambwa ikarambika, na pembeni yake mavi ya mbuzi, mabichi.

"Mama," nikasema, "ni mbuzi."

"Naam."

"Mbuzi wa hawa Wasukuma waliohamia hapo chini. Wanapanda huku kulalia kivuli. Hakuna aliyekataa chochote."

Mama akakung'uta kanga yake. "Mbuzi hutumwa," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo.

Nilirudi Nachingwea peke yangu nikiwa nimemkasirikia mnyama ambaye sikuwahi hata kumwona. Niliwaza kila neno ambalo ningemjibu mama, mengine mazuri sana, lakini ndiyo hivyo tena, maneno mazuri huja ukiwa umeshafika kwako.

Mwaka huu ufuta ulipokuwa umekwisha kuvunwa nikaenda kumsalimia. Nilikuta anatembea ndani ya nyumba yake kwa kupapasa, anamimina chai pembeni ya kikombe kisha anashangaa kikombe kutojaa. Jioni nilitundika koti langu nyuma ya mlango. Mama akaingia, akasimama, akalipa koti salamu, akangoja liitikie. Alipoona kimya akasema kwa sauti ya kuumia, "Haya, kama hamtaki kuitikia." Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Nililia pale kwenye mikorosho kama mtoto, na sioni aibu kulisema.

Wakati ule ule zilikuja habari kwamba madaktari wa macho wangefika Nachingwea juma linalofuata. Nikamwambia mama twende. Nilikuwa tayari kupigana. Akasema, "Twende. Ila kwanza tupite kwenye jiwe." Nikamuuliza, na wakikataa tena? Akasema wakikataa tena basi atakuwa amejua kwamba amepangiwa kumalizia gizani, na atajifunza. Alisema kwa utulivu kabisa, huku akichagua mawe kwenye choroko kwa vidole. Ndipo nikaelewa kwamba macho ya mama yangu yalikuwa yametegemea kilima cha unga, na kwamba kule juu kulikuwa na mbuzi.

Mlinzi wa msitu alitupokea kwenye jiwe la mpaka. Ni mtu mpole, ana suruali ya serikali na kandambili zake mwenyewe. Akatusomea masharti: kusiwashwe moto, kusikatwe mti, kusichimbwe, na hakuna kulala ndani ya hifadhi.

"Na kumwaga unga?" mama akauliza.

Alifikiri. "Unga haumo kwenye masharti, mama."

Njiani alitueleza kwamba waliwahi kuja wageni kutazama yale madoa mekundu, wakasema ni ya kale sana, na tangu hapo pamewekwa bango la kuzuia watu wasiguse. Tulipanda polepole. Nilikuwa nimemshika mama mkono, lakini kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa akiniongoza. Mimi nilikuwa natazama chini nikiogopa kuteleza, yeye alikuwa anasema sasa kuna mzizi wa mkuyu, sasa pinda kulia, sasa utasikia pimbi. Nikawasikia pimbi. Mwamba ulikuwa na joto la jua la mchana, na mistari mirefu myeupe na ya rangi ya machungwa ilikuwa imeshuka kutoka juu mpaka chini. Kila nikifika pale huwa najisikia vizuri bila sababu, hata nikiwa nimenuna.

Chini ya ukingo masizi ya moto wa zamani bado yapo darini. Ukuta wa wazee wetu umebaki kipande tu, kimo cha kiuno, lakini udongo wake unaonyesha mifereji ya vidole: minne, minne, minne, imepita ikipinda kidogo kulia. Mama alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta ule akaweka vidole vyake kwenye ile mifereji. Bango la kuzuia kugusa lilikuwa karibu na bega lake. Hakuliona, jamani, angelionaje? Mlinzi akanitazama mimi, mimi nikatazama mti, na yeye akagundua kwamba kuna jambo la kushughulikia upande wa pili wa jiwe.

"Madoa bado yapo?" mama akaniuliza.

"Yapo."

"Mekundu vilevile?"

"Mekundu."

Akaridhika. Akakaa chini, akavua ndala, akasema bismillahi, akaanza kuuachia unga. Mikono yake inatetemeka siku hizi, lakini unga haukutetemeka. Uliteremka mpaka ukawa kilima kidogo chenye ncha nzuri, karibu na shimo mojawapo la kusagia. Kisha akazungumza na wenye jiwe kwa Kimwera. Aliwaambia yeye ni nani na mtoto wa nani. Akawaambia bibi yake aliingia humu bila hodi, na kwamba radhi hiyo bado tunaiomba. Akawaambia kuhusu macho. Mwisho akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia mimi: kwamba haogopi giza, anaogopa kuwa mzigo kwa huyu mtoto mwenye haraka. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nadhani alijua nasikia.

Tulipokuwa tunashuka tukamkuta mama mmoja wa Kisukuma akipanda, beseni kichwani, anakwenda kuwaita mbuzi wake. Mji wao uko nje kidogo ya mpaka, chini ya jiwe, zizi la miiba na nyumba za nyasi. Akamwona mama anavyotafuta pa kukanyaga, akasimama.

"Mwadila, mayu," akasema, salamu ya kwao ya mchana, na mayu ni mama. "Jua linakwenda. Kijijini mbali. Mulale kwangu."

Hapa niseme kwamba mama amekuwa akiwalaumu watu wa ng'ombe tangu walipohamia kutoka huko kwao ziwani. Ng'ombe walimlia ufuta msimu mmoja, na tangu siku hiyo hata mvua ikikawia ni wao. Nikangoja aseme tutafika tu. Akasema, "Ahsante, mwanangu," maana miguu yake ilikuwa imechoka, na miguu haina siasa. Jioni ile alikula ugali na maziwa ya mgando mpaka akaongezwa, akayasifu, kisha akaninong'oneza kwamba maziwa yenyewe mazuri kwa sababu yana ufuta wake ndani.

Kulipokucha tukapanda. Nilitangulia hatua chache makusudi. Nilikuwa nimepanga kwamba kama unga utakuwa umetawanyika nitasema nini, na ninakiri sikuwa nimepanga kusema kweli. Nikafika chini ya ukingo nikatazama, nikasimama.

"Unaona nini?" mama akauliza nyuma yangu.

Nikainama nikatazama tena.

"Mbona kimya? Umetawanyika?"

"Naona beseni," nikasema.

"Beseni?"

"La plastiki, mama. La bluu. Limegeuzwa kifudifudi, na juu yake pamewekwa jiwe."

Mama akasogea, akapapasa, akaligusa beseni pembeni, akagusa na jiwe lililolikandamiza. Kisha akaondoa mkono upesi, akakaa. Mimi nikainua beseni. Unga ulikuwa umesimama chini yake, mweupe, na ncha yake, hata punje haikuondoka. Kulikuwa na mavi mapya ya mbuzi pande zote, na nyayo zao zimezunguka beseni zikarudi zilikotoka.

"Umesimama!" nikapiga kelele. "Mama, umesimama!"

"Umefunikwa," mama akasema.

"Umefunikwa na umesimama."

"Hata kinyesi ukikifunika kinasimama."

Basi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia wewe mwenyewe ulisema mbuzi hutumwa. Kama mbuzi wanaweza kutumwa, beseni haliwezi? Wenye jiwe hawana uwezo wa kutuma beseni? Nilikuwa nimeshikilia hoja ile kwa furaha kubwa, nikaona hapa hana pa kutokea. Uso wa mama ulifunga kabisa, akageukia ukuta, na nikaona kwamba nimemshinda kwa maneno na hakuna nilichopata. Angerudi kijijini akamalizie gizani, akiwa pia amechukizwa na mimi.

Wakati huo yule mama wa Kisukuma akawa anapanda kuja kuchukua beseni lake.

"Mwangaluka, mayu," akasema, ya asubuhi sasa. Akatazama chini, akafurahi. "Eh! Hawakukula!"

"Wewe ndiye uliyefunika?" mama akamuuliza bila kugeuka.

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

Nilimtazama mwanamke yule nikimwomba kwa macho aseme chochote cha maana. Aseme aliota ndoto. Aseme alisikia sauti. Yeye akashangaa tu.

"Hakuna aliyenituma, mayu. Nilikuta mbuzi mmoja anakuja kuramba. Nikasema huyu mama nimemwona anavyoshuka anapapasa, amepanda kwa shida, na chakula alichowawekea wazee wake kiliwe na mbuzi wangu? Nikaona huruma." Kisha akaona labda amekosea. "Kwenu haifunikwi?"

Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye ufa wa juu. Mwishowe mama akanyoosha mkono, na mwanamke yule, asijue cha kufanya, akaushika akamwinua.

"Mbuzi hutumwa," mama akasema, akinielekea mimi, kama mwalimu anayemaliza somo. "Huruma haitumwi. Mtu huwa nayo au hana." Akakung'uta kanga. "Wenye jiwe hawakumzuia huyu, basi wamekubali. Twende Nachingwea kabla sijabadili mawazo."

Sijui hadi leo kama hiyo ni dini, mila, au ukaidi wa mama yangu uliotafuta mlango wa heshima. Sikuuliza. Nilimshika mwanamke yule wa Kisukuma nikamkumbatia mpaka beseni likadondoka likabingirika, na mlinzi wa msitu akatokea mbio akidhani kuna mtu ameanguka.

Nachingwea mama alilalia kitanda changu na mimi nikalala chini karibu na cherehani. Alilalamikia muziki wa dukani kwa jirani, chumvi yangu, na maji ya bomba kutokuwa na ladha. Siku ya kwenda hospitali alinyamaza njia nzima. Walianza na jicho la kulia. Nilisubiri nje kwenye benchi na wenzangu wengi waliowaleta mama zao na baba zao. Alipotoka alikuwa amefunikwa bandeji, ananiuliza kama nimekula.

Kesho yake wakaifungua. Muuguzi alimwonyesha vidole, akavihesabu. Akamwonyesha dirisha, akasema lina vumbi. Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, nikapita mbele yake nikapiga magoti ili anione vizuri. Nilikuwa nimevaa gauni jipya nililojishonea kwa siku hiyo.

Mama akanitazama. Nilimngojea atabasamu, au aseme gauni limenikaa vibaya. Akanitazama muda mrefu. Akainua mkono akasogeza kilemba changu nyuma, akazigusa nywele za kwenye paji, akashuka mpaka kwenye mikunjo ya pembeni ya macho, akaifuata kwa kidole mmoja mmoja. Kwa miaka yote ile ya ukungu, mtoto aliyekuwa akimletea sabuni na sukari, akimpigia kelele kuhusu mbuzi, kwake alikuwa bado mwanamke kijana.

"Mvi hizi ni za lini?" akauliza.

"Za miaka hii hii, mama."

Machozi yakaanza kumtoka. Muuguzi akamsihi asilie, jicho bado bichi. Mama hakumsikiliza. Alikuwa bado amenishika uso kwa mikono miwili.

"Kumbe ulikuwa unazeeka," akasema, "na mimi nipo hapa hapa."